Sifa za Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Kompyuta inayowaka haina cha kusifiwa. Mtu anabonyeza kitufe, inaamka, anaingia eCitizen kuomba cheti cha tabia njema, analipa kwa M-Pesa, anaizima na kwenda zake. Anaweza kuishi nayo miaka kumi asijue ndani mna nini, wala yenyewe isimwambie. Makala haya hayana habari na kompyuta ya namna hiyo. Sifa zote ni za dada yake mtukutu: ile iliyopewa keneli mpya jana usiku kwa mikono ya mwenyewe, na leo asubuhi ikakataa katakata kuwaka.

Keneli, kwa asiyeijua, ni kile kiini cha mfumo wa uendeshaji kinachosimama kati ya programu na vyuma. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayosoma diski, inayosikiliza kibodi na kuamua programu ipi ipate zamu. Watu wengi huipokea ikiwa imeshaundwa na wengine. Linux, kwa ukarimu ambao baadhi ya watu huuona ni uzembe, humruhusu yeyote apakue msimbo wake, abadilishe atakacho, aunde keneli yake mwenyewe na avune alichopanda. Ruhusa hiyo imefika hadi Ndanai, katika eneo bunge la Sotik, Kaunti ya Bomet, si mbali na mpaka wa Narok.

Tuseme ni Desemba, na kijana wa chuo kikuu amerudi kwao kwa likizo. Laptopu yake ni ya mtumba, ilishatumika Ulaya kabla ya kufika Nairobi, na ilinunuliwa kwa bonasi ya chai ya Oktoba, bonasi ambayo wakulima wa upande huu wa Bonde la Ufa hawachoki kulalamika kwamba ni ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya. Ina RAM ya gigabaiti mbili. Windows ilikuwa ikijikokota humo, akaiondoa, akaweka Linux. Mambo yakawa shwari isipokuwa waifai, ambayo haikushika. Wenzake wa bweni walikuwa wamemwambia dawa yake ni kuunda keneli upya. Walisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo huipa kompyuta ya aina hii nafasi ya kung'aa.

Faili la msimbo wa Linux siku hizi lina zaidi ya megabaiti 130 hata likiwa limebanwa. Bando la siku likaenda nalo. Kisha akafungua menuconfig, ile menyu ya samawati na kijivu ambamo keneli humhoji muundaji wake. Ina zaidi ya chaguo elfu kumi. Nyota ina maana kitu kijengwe ndani ya keneli yenyewe. Herufi M ina maana kiwe moduli, kipande cha pembeni kitakachoitwa kikihitajika. Nafasi tupu ina maana kiachwe kabisa. Kijana akakuta madereva ya kadi za enzi za mababu na mifumo ya faili ambayo hajapata kuisikia, akaifagia. Vilivyobaki akavipa M, maana alisikia moduli huokoa kumbukumbu. Akaandika make, akabonyeza Enter, feni ikaanza kuvuma. Mvua ya alasiri ikapiga mabati, stima ikaona huruma isipotee, na usiku wa manane kazi ikaisha bila kosa hata moja. Ili kupata nafasi akaifuta keneli ya zamani kutoka /boot, akanakili mpya kwa mkono, akalala usingizi wa mtu aliyefanikiwa.

Asubuhi akaiwasha. Maandishi meupe yakapanda mbio juu ya weusi, sekunde moja, mbili, halafu yakasimama. Mstari wa mwisho ulisomeka: “Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)”. Taa ya Caps Lock ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, bila mtu kuigusa. Ctrl+Alt+Del haikuitika. Kogo, yaani nyanya yake, akipita mlangoni na kibuyu cha mursik, akaitazama ile taa, akauliza ni nani anayepiga simu.

Sasa msomaji autazame mstari ule kwa heshima. Ni ofisi ngapi zinazokataa kumhudumia mtu na papo hapo zikamwambia sababu, mahali ilipotokea na namba yake? Nyingi humwambia sistimu iko chini, njoo kesho. Kompyuta hii haikutaja kesho. Ilieleza kwamba imeshindwa kufungua mfumo mkuu wa faili, ikataja na kifaa: sifuri, sifuri, maana yake haikuiona diski iliyoelekezwa. Laiti ingeandika 8,1, habari ingekuwa nyingine kabisa: diski ingekuwa imeonekana, na sehemu yake ya kwanza pia, ila mfumo wa faili uliomo ndio usiosomeka. Tarakimu mbili zimetenganisha magonjwa mawili ambayo fundi asiyejua angeyatibu kwa dawa moja, tena ya ghali, kwa kuuza diski mpya. Na juu ya mstari huo keneli huorodhesha sehemu zote za diski inazoziona, ili mwenye kutaka ushahidi aupate. Siku hiyo orodha ilikuwa tupu.

Dosari pekee ni kwamba hutoa taarifa yake kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, lakini ujumbe wa keneli ya Linux hutoka kwa Kiingereza tu. Mfini, Mchina na Mkipsigis wote huzimiwa kwa Kiingereza kilekile. Angalau hakuna upendeleo.

Chanzo chenyewe ni kitamu, tukisimulie polepole. Dereva la diski, lile la SATA, lilipewa M. Dereva la ext4, mfumo wa faili uliomo diskini, nalo M. Moduli huwekwa katika /lib/modules. Nayo /lib/modules imo diskini. Kwa hiyo keneli inahitaji dereva ili isome diski, na inahitaji kusoma diski ili ilipate dereva. Mafundi walilifungua fundo hili zamani kwa initramfs, mfumo mdogo wa faili ambao GRUB, programu ya kuwashia mfumo, huupakia kwenye kumbukumbu pamoja na keneli, ukiwa umebeba moduli za dakika hizo za mwanzo. Kijana hakuuunda. Au angeyapa madereva yale mawili nyota, yakae ndani ya keneli, na initramfs isihitajike. Hakufanya hili wala lile. Mashine ikatii alichoagiza, herufi kwa herufi, ikasimama pale utiifu ulipoifikisha.

Wakulima wa Bomet wanamjua mtu wa tabia hii. Ni karani wa kituo cha kununulia majani chai, anayeyamwaga majani mezani, akiona magumu badala ya mawili na chipukizi lake huyarudisha, hata kama mwenye gunia ni shemeji yake na amengoja tangu asubuhi kwenye matope. Anatukanwa mbele ya foleni, lakini kiwanda kikipata majani mabaya ni yeye atakayeulizwa. Keneli nayo ingeweza kuendelea bila mfumo mkuu wa faili, ikaandika hovyo popote ilipojisikia. Haikugusa kitu. Picha za harusi, kazi za chuo na zile nyimbo alizopakua usiku wa bando la bure zote zilikuwa salama diskini. Kompyuta iliyogoma ndiyo mlinzi mwaminifu kuliko wote, kwa kuwa haimruhusu hata mwenye mali kuingia.

Wanaoidharau wakumbushwe ukoo wake. Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, akiandika mfumo wake juu ya Minix, mfumo wa kufundishia wa profesa Andrew Tanenbaum. Tarehe 25 Agosti aliwatangazia wenzake wa Minix kwamba anaandika mfumo wa kujifurahisha tu. Miezi michache baadaye alitaka modemu ipige simu kwenye kompyuta ya chuo, akakosea jina la kifaa. Amri za kupiga simu zikaandikwa moja kwa moja kwenye sehemu ya diski iliyokuwa na Minix. Minix ikafa palepale. Angeweza kuirudisha, akaamua mfumo wake umeshakomaa vya kutosha kujitegemea. Simu za Android zilizo mifukoni mwa watu wa Ndanai zinaendeshwa na keneli ya Linux, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa kasi duniani zinatumia Linux. Zote hizo zina deni la shukrani kwa laptopu za watu waliozivunja wenyewe, kuanzia na kompyuta ya Helsinki.

Hata huko kuzimia kuna asili yake ya heshima. Miaka ya mwanzo ya Unix, Tom Van Vleck, mhandisi wa mfumo mkubwa wa Multics, alimwambia Dennis Ritchie wa Unix kwamba nusu nzima ya msimbo anaouandika ni wa kujinasua na makosa. Ritchie akamjibu kwamba wao mambo hayo waliyaacha: kosa likitokea wanaita utaratibu mmoja uitwao panic, mashine inaanguka, na mtu anapaza sauti kwenye korido ili mwenzake aiwashe upya. Huo ndio uhandisi wa hali ya juu, na Ndanai inaumudu vizuri zaidi, maana uga una nafasi ya kupaza sauti kuliko korido.

Ila wakongwe watasema vijana wa leo wamedekezwa. Kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, msimbo wa keneli za mfululizo wa 2.6, wenye megabaiti kama 40, ulishuka kupitia modemu kwa saa mbili na zaidi, kama hakuna aliyeinua simu katikati. Na waliokuwa na bahati mbaya zaidi walikutana na LILO. Programu hii ya kuwashia mfumo, kazi ya Werner Almesberger, iliandika jina lake herufi moja baada ya nyingine kadiri ilivyofanikiwa kusonga. Ikikamilisha LILO, uko salama. Ikiishia L na mfuatano wa tarakimu, diski ina neno. Ikiishia LI, hatua ya pili imepakiwa ila imeshindwa kuendeshwa, na chumba kizima kinanyamaza kutazama herufi mbili. LILO haikuelewa mafaili. Ilikumbuka tu ni vipande gani vya diski vina keneli. Mtu akiweka keneli mpya akasahau kuandika amri ya lilo, mashine ilikwenda kutafuta keneli mahali ilipokuwa jana. GRUB, inayosoma mfumo wa faili yenyewe, ilikuja kulimaliza tatizo hilo, na pamoja nalo ile raha ya kusoma hatima yako katika herufi nne.

Turudi kwa kijana. Kompyuta ikiwaka angeshinda ndani akitazama filamu. Imegoma, kwa hiyo ametoka, ng'ombe wamekamuliwa kwa wakati, na mchana yuko kituoni kwenye kibanda cha fundi wa simu, ambaye kwa kawaida hubadilisha vioo na betri.

“Habari ya kazi, fundi. Mashine imekataa kuwaka.”

“Ulifanya nini, kijana yangu?”

“Sikufanya kitu.”

Fundi akacheka. Hakuna anayefika kwenye kibanda kile akiwa amefanya kitu. Lakini kompyuta, kwa uungwana wake, ilikuwa imeshaandika ukweli kwenye skrini, na kijana alipoifungua mbele ya watu watatu waliokuwa wakichaji simu, ukaonekana. Ikabidi asimulie yote: menuconfig, M, kufagia, kufuta keneli ya zamani. Hakuna kitubio kingine kinachofanyika haraka hivyo mbele ya mashahidi. Simu ya Android ikatolewa, hotspoti ikawashwa, na keneli moja ya Linux ikaanza kutumika kutafuta dawa ya nyingine.

Dawa yenyewe ni flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Fundi alikuwa nayo. Kompyuta ikawaka kupitia flashi, na diski ile iliyodaiwa kutokuwepo ikaonekana mara moja kama /dev/sda, kwa sababu keneli ya kwenye flashi ilikuwa na madereva yake yote. Sehemu kuu ya diski ikapachikwa kwenye /mnt; /dev, /proc na /sys zikaunganishwa ndani yake; kisha chroot, amri inayomwingiza mtu ndani ya mfumo wake mgonjwa kana kwamba umewaka. Humo ndani initramfs ikaundwa, GRUB ikaandikwa upya, flashi ikachomolewa. Mashine ikawaka. Watu watatu waliokuwa wakichaji simu wakapiga makofi, ingawa si rahisi kusema walikuwa wakimpigia nani.

Na waifai? Ikabaki vilevile. Baada ya kusoma dmesg, kitabu cha kumbukumbu cha keneli ambacho asingekifungua maishani kama mashine isingegoma, kijana akakuta mstari unaosema kadi inaomba faili la famuea na haijalipata. Dereva lilikuwepo tangu mwanzo. Kilichotakiwa ni faili moja katika /lib/firmware, kazi ya dakika mbili. Wenye mioyo migumu watauliza basi usiku ule wote na bando lile vilikuwa vya nini. Hawa hawajui elimu inavyolipiwa. Katika siku moja kijana amejifunza namna diski inavyotambuliwa, initramfs ni nini, chroot inafanya kazi gani na kwa nini keneli ya zamani haifutwi. Kompyuta inayowaka ingemnyima yote hayo, tena kwa tabasamu.

Kuna wanaodhani heshima hii ni ya wachache wanaojichokoza wenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro kwa programu yake ya usalama, ambayo dereva lake hukaa ndani ya keneli ya Windows. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikagoma kuwaka, kwa hesabu ya Microsoft. Ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi. Dawa ilikuwa ileile ya kibandani: fundi aende kwenye mashine moja baada ya nyingine, aiwashe kwa njia ya pembeni, afute faili lenye kasoro. Tofauti ni kwamba wenye mashine zile hawakuwa wameunda chochote. Walinyimwa hata fahari ya kosa.

Wahandisi, kwa bahati mbaya, hawaachi kuipunguzia kompyuta hii makali. FreeBSD, ambayo wahandisi wengi wa mitandao barani waliikuta kwenye warsha za AfNOG tangu mwaka 2000, huihifadhi keneli iliyotangulia kwa jina la kernel.old, hivyo mtu anarudi nyuma kwa amri moja kabla hata hajaogopa. Linux nayo ina make localmodconfig, inayotazama moduli zinazotumika wakati huo na kupunguza menyu ile ya maelfu bila kubahatisha. Toleo la 6.10 la mwaka 2024 likaleta skrini nadhifu ya kutangazia mzimio, na la 6.12 likaongeza uwezo wa kuonyesha msimbo wa QR, ili mtu apige picha kwa simu badala ya kunakili herufi kwa kalamu. Ni maendeleo, bila shaka. Lakini ni nani atakayejifunza maana ya 0,0 kwa kuipiga picha?

Msomaji wa Ndanai, Litein au Kapkatet anayetaka kuionja heshima hii na aandae mapema flashi moja yenye Linux, aiache keneli ya zamani mahali pake katika /boot, ayape madereva ya diski na ext4 nyota badala ya M, na asichague tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya mwisho wa kuwasilisha marejesho ya KRA. Akikosa safari hii asihuzunike: toleo jipya la Linux hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi.